Kesi Iliyomshinda Dada Kesi

Dada Kesi alikuwa anamjua muuaji kabla hujamaliza kumsimulia. Ukimwambia tu, "Tajiri amekutwa amekufa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani," anakukatiza: "Ni daktari wa familia." Halafu anaendelea kupanga vitabu vyake kama vile hakusema kitu. Watu walimchukia kwa hilo, na walimpenda kwa hilo hilo. Ndiyo maana siku mapenzi yake mwenyewe yalipogeuka kesi, na ikabainika kwamba mkosaji alikuwa akikaa pale pale dukani karibu miaka miwili anakunywa chai yake, iliuma maradufu. Lakini tusikimbilie mwisho, maana wanaokimbilia mwisho Dada Kesi hakuwapenda.

Duka lake lilikuwa jembamba, chini ya jengo la ghorofa, kushoto fundi cherehani, kulia kinyozi. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa wa wauaji, wezi wa benki, wapelelezi wenye ndoa mbovu na wajane wenye siri. Wateja hawakusema "nipe kitabu". Walisema "nipe kesi", na jina likamganda. Wala hakumuuliza mtu anapenda nini, kwani alisema watu wakiulizwa wanachopenda hujipamba. Aliuliza hivi: "Kitabu gani kilikushinda, na ulikiachia wapi?" Ukishamjibu anakutazama kidogo, anakwenda ukutani, anarudi na kesi yako. Na wale wenye tabia ya kusoma mwisho kwanza, hao aliwakomesha. Aliwashonea sura ya mwisho kwa uzi mwekundu wa fundi cherehani, mishono michache pembeni mwa kurasa. Ukifika hapo kihalali, kata. Ukikata mapema, usirudi.

Miwani aliingia duka hilo akitafuta kitabu cha maandishi makubwa. Alikuwa fundi wa miwani mtaa wa pili, na jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Mama yake, mkunga mstaafu, alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho, amekatazwa kazi zote, na kukaa bure kulikuwa kunamtia wazimu.

"Nataka kitu cha kumtuliza," alisema Miwani.

Dada Kesi akampa mauaji.

"Dada, mgonjwa unampa maiti?"

"Maiti moja tu. Akiizoea tutaongeza."

Miwani akacheka. Jamani, kicheko kile! Kilianzia machoni, kikashuka taratibu, na Dada Kesi akajikuta anatafuta la kusema ili kirudi tena. Basi kikarudi. Kikarudi kesho yake na kesho kutwa, na kabla mvua hazijaisha mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba fundi miwani haendi pale kwa ajili ya vitabu peke yake.

Ilipofika zamu ya kupelekana kwa wazazi, mambo yakakwama. Dada Kesi aliolewa angali binti, akaachika, na hilo hakumficha Miwani hata siku moja. Miwani akaaga kwamba anakwenda kwao kuzungumza na mama, akarudi ameinamisha kichwa. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema:

"Mama amekataa."

"Amesemaje?"

"Tuyaache tu."

"Nataka maneno yenyewe."

"Amesema..." Akaifuta tena. "Amesema mwanamke aliyeachwa ana sababu ya kuachwa, na hiyo sababu hataki ivuke kizingiti chake."

Sentensi ile ilimwingia Dada Kesi ikakaa. Mtu mwingine angesusa. Yeye alilia siku nzima, akanawa uso, akasema, "Basi tusimvunjie mlango. Tutabisha hodi. Mimi nitakuwa namchagulia kesi, wewe unampelekea. Ila mwambie zinatoka kwangu. Akitaka asome, asipotaka atupe."

"Nitamwambia," alisema Miwani, kitambaa mkononi.

Mama akasoma. Ripoti zilikuja moto moto: mama amemtukana askari wa sura ya tano, mama amemwonea huruma muuaji, mama chai imepoa hajaigusa. Ila kila ripoti ilikuwa na mkia: "Vitabu anavipenda, jina lako ndiyo hataki kulisikia." Dada Kesi akaongeza bidii. Alipoambiwa mama anasoma mwisho kwanza, akaanza kumshonea. Alimchagulia yule bibi jinsi watu wanavyochagua nguo ya harusi, na usiku alijaribu kukisia ni ukurasa gani utamchekesha. Pole pole akaanza kumpenda. Akampenda mtu aliyemkataa, hebu fikiria.

"Mvumilivu hula mbivu," alikuwa akimwambia fundi cherehani.

"Na zilizooza anazila huyo huyo," fundi cherehani alimjibu, pini mdomoni.

Sasa njoo asubuhi yenyewe. Dada Kesi alikuwa anapangusa vumbi mlango ulipofunikwa na mwanamke mnene, mvi zimefungwa vizuri kwa kitambaa, miwani mipya puani. Alimtambua papo hapo kutoka kwenye picha za simu ya Miwani. Akajisemea, leo ni leo, amekuja kunitukana mbele ya kinyozi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona duka lako limejificha hivi, au ndiyo mambo ya upelelezi?" Akaingia akitazama ukuta wa nyuma kama mtoto aliyeingizwa duka la peremende. "Loo! Haya yote ni mauaji?"

"Mengi, mama."

"Nimekwisha. Mwenzio ni mgonjwa wa vitabu hivi. Mwanangu ndiye aliyeniambukiza. Leo nimeulizia mpaka nikafika, nijichagulie mwenyewe."

Dada Kesi alishika ukingo wa meza. Mama huyu alikuwa akimtabasamia, na hakukuwa na chuki hata chembe kwenye uso ule. "Mwanao ndiye anayekuletea?"

"Kuleta ni kuleta. Huyu ananichagulia! Mtoto hakuwahi kusoma hata karatasi ya dawa, leo anaijua roho yangu kuliko mimi. Ananiuliza, mama, kipi kilikushinda, ulikiachia wapi? Nikimjibu, siku ya pili kitu kinakuja, sikiweki chini." Akashusha sauti. "Nimemwambia, mwanamume anayemjua hivi mama yake, siku akioa huyo mke amebarikiwa. Lakini wapi! Nikimgusia kuoa, anasema hajaona anayemfaa."

Dada Kesi akaanza kupanga vitabu vilivyokuwa vimeshapangwa. Mama akadhani ni aibu ya ugeni, akanyoosha mkono mezani, akachukua kitabu kilichokuwa hapo juu. Akakigeuza. Akafika kwenye uzi mwekundu.

Akausogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya mishono.

"Nani kashona hiki?"

"Mimi, mama."

"Na vingine?"

"Vyote ni mimi."

Yule mama akavuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. "Mimi ni mkunga, mwanangu. Nimeshona wanawake wenzangu tangu sina mvi. Mkono wa mtu kwenye uzi naujua kama unavyoijua sauti ya jirani. Kitabu cha kwanza kuja na uzi huu nilimuuliza mwanangu, wewe na sindano wapi na wapi? Akaniambia amejifundisha kwa ajili yangu, nisiharibu utamu." Akatikisa kichwa. "Nililia. Nikasema, Mungu kanipa mtoto."

Huko nje kinyozi alikuwa anacheka na wateja wake. Humu ndani hakuna aliyecheka. Walitazamana, wasomaji wawili wa kesi, na kila mmoja akawa anasogeza vipande vyake kimya kimya.

"Wewe ni nani kwa mwanangu?" mama aliuliza hatimaye.

"Hakukuambia?"

"Angeniambia nini?"

"Kwamba ananipenda. Kwamba nilishaolewa nikaachika. Kwamba alikuja kwako akakueleza, ukakataa." Akayatoa maneno yenyewe, moja moja. "Ulisema mwanamke aliyeachwa ana sababu ya kuachwa, na hiyo sababu hutaki ivuke kizingiti chako."

Mama alivua miwani yake. Macho yale yaliyotibiwa yakajaa maji.

"Mimi? Nilisema hivyo?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Kuhusu wewe, ambaye sijawahi kukusikia mpaka asubuhi hii?" Akapiga paja. "Mwanangu, nimesema maneno mabaya mengi katika maisha yangu. Mengine bado yananinyima usingizi. Lakini hilo si langu. Nakuapia, hilo si langu."

Dada Kesi alimwamini. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba alimwamini mara moja. Alikumbuka miwani inavyovuliwa na kufutwa kila jina la mama lilipotajwa. Aliliona kila mara, akalipa jina la huruma: akasema ni uchungu, mtoto anaumia kwa ajili ya mama yake. Angelisoma jambo hilo kitabuni, angemshika mtu huyo sura ya pili.

"Nitazungumza naye leo," mama alisema akisimama kwa shida. "Na wewe Jumapili njoo nyumbani. Uje kama mkwe wangu. Umesikia? Mtu aliyenitunza miezi yote hii kumbe ni wewe." Akamshika uso kwa viganja viwili, akaondoka. Hakununua kitabu. Alisahau hata kilichomleta.

Jua lilikuwa bado halijazama Miwani alipofika. Alikuja akitabasamu, na ndiyo kwanza Dada Kesi akajua kwamba mtu anaweza kulichukia tabasamu alilolipenda asubuhi. Upande wa pili wa ukuta, cherehani ilikuwa inalia.

"Umesikia?" Miwani alisema. "Mama amekubali! Amenigombeza sana, lakini amekubali. Anakutaka Jumapili."

"Amekubali nini?"

"Wewe. Sisi."

"Kwani lini alikataa?"

Cherehani ikanyamaza. Miwani akapeleka mkono kwenye miwani yake.

"Iache usoni," Dada Kesi alisema. "Leo usiivue. Nitazame nayo."

Akashusha mkono. "Nisikilize, mpenzi. Nilikuwa nasubiri wakati mzuri. Alikuwa ametoka kutibiwa macho. Nilijua nikimwambia atakataa, ataumia, na wewe utaumia. Nikaona niwaepushe wote."

"Ukaniepusha kwa kuniambia mama yako ananidharau?"

"Nilijua ndivyo atakavyosema."

"Hujui. Hukumuuliza. Hukwenda hata siku moja." Alisema taratibu, kwa sauti ya chini, na afadhali angepiga kelele. "Muda wote huu nimekuwa nambembeleza mtu ambaye hajanikosea. Nimelala nikiomba Mungu alainishe moyo wa bibi wa watu, kumbe moyo wenyewe laini hivyo. Ungeniambia tu unaogopa. Ningekushika mkono tukaenda wote."

"Sasa si yamekwisha? Njia imefunguka."

"Ile sentensi," Dada Kesi alisema, "kuhusu mwanamke aliyeachwa. Aliitunga nani?"

"Ni maneno tu."

"Ya nani?"

Miwani alitazama sakafu. Alikuwa na kope ndefu, na Dada Kesi aliwahi kumwambia kope kama zile kapewa mwanamume zimepotea bure. Alizitazama sasa akatamani asingewahi kusema.

"Nilipolala usiku ule tulipopanga niende kwa mama," Miwani alianza, "nilijiuliza. Mwanamume yeyote angejiuliza. Kwa nini yule bwana alimwacha? Nilikupenda, nakupenda, lakini swali lilikuwepo. Nikashindwa kukuuliza."

"Ukaliweka mdomoni mwa mama yako."

"Liliisha! Mwezi haukupita liliisha. Wallahi. Ila nilikuwa nimeshasema, na kurudi nyuma ilikuwa ngumu."

"Ungeniuliza ningekujibu," alisema Dada Kesi, na machozi yakashuka bila kumwomba ruhusa. "Hakuna siri. Alipata mwingine. Ni hilo tu. Ni jambo la kawaida, la kuchosha hata, hakuna mtu angeandika kitabu juu yake. Uliogopa jibu la sentensi moja."

Miwani alizunguka meza akataka kumshika. Na msidhani hakutaka kushikwa. Alitaka. Harufu ya shati lile aliijua, na bega lile alikuwa ameshalipangia uzee wake. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa vitabu.

"Usinifanyie hivi," Miwani alisema. "Nilidanganya kwa sababu nilikuwa nakupenda."

"Najua. Hilo ndilo linalonimaliza. Ungekuwa hunipendi ningekutukana nikalala. Lakini wewe ulinipenda, na uliniona ninavyolia kwa ajili ya maneno yale, ukanipa kitambaa, ukanywa chai. Nitalalaje na mtu anayeweza hivyo? Kila neno utakaloniletea kutoka nje, nitajiuliza ni la nani."

"Nipe nafasi moja."

"Ulikuwa nazo kila jioni."

Miwani akarudi upande wake wa meza. Mwishowe akauliza swali ambalo lilimwonyesha Dada Kesi kwamba hakukosea: "Mama nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu," alisema Dada Kesi. "Nitamwambia mwenyewe."

Alipotoka, fundi cherehani aliingia na gauni la mtu begani, pini bado mdomoni. Hakusema lolote kuhusu mbivu wala zilizooza. Alimsaidia tu kufunga mlango wa duka.

Jumapili Dada Kesi alikwenda. Alivaa vizuri, maana mtu haendi kwa mkunga kama amefiwa. Nyumba ilikuwa ndogo, na dirisha la chumba cha mbele liko wazi, pazia linapepea. Mama alikuwa barazani, amekwisha kuweka viti viwili na meza ya vikombe. Alipomwona amekuja mikono mitupu na uso ule, hakuuliza. Wakunga wanazisoma nyuso kabla ya habari.

"Hukuja kukaa," alisema.

"Hapana, mama. Nimekuja kukuambia kwa mdomo wangu, lisipitie kwa mtu. Nimeshindwa."

"Amenieleza yote. Nimemlazimisha mpaka ile sentensi." Mama alimkamata mkono, akauweka mapajani mwake. "Simtetei. Lakini ni mwanangu na amekonda. Hakuna namna?"

"Nimeitafuta. Sijaiona."

Walikaa. Majirani walipita wakasalimu, wakajibiwa. Kisha Dada Kesi akauliza jambo lililomkosesha usingizi wiki nzima.

"Mama, niambie kweli. Angekuja siku ile ya kwanza akakuambia kuna mwanamke, ameachika, ungenikubali?"

Mama alifikiri kwa uaminifu, na Dada Kesi alimpenda zaidi kwa kufikiri kwake.

"Sijui," alisema. "Huenda ningekataa. Mimi si malaika, na watu wa rika langu tuna mambo yetu. Huenda ningesema neno baya kuliko lile. Lakini ningekuambia usoni, na wewe, kwa ulimi ulionao, ungenijibu. Tungenuniana. Ungeniletea kitabu ningekitupa, halafu usiku ningekiokota. Tungegombana mpaka tukachoka, mpaka tukapatana." Akaubana mkono wa Dada Kesi. "Ametunyima hata ugomvi wetu, mwanangu."

Hapo Dada Kesi alilia kweli, kichwa begani kwa mwanamke ambaye angekuwa mama yake. Mama naye akalia, akimpapasa mgongo kama alivyowapapasa wengi waliokuwa na uchungu mbele yake.

"Niendelee kuja dukani kwako?" aliuliza walipotulia.

"Usije, mama. Sitaweza kukutazama."

"Haya."

Dada Kesi alisimama. Akiinua macho, aliona pazia la chumba cha mbele halipepei tena, mtu amelishika kwa ndani. Viatu vya Miwani vilikuwa pale mlangoni. Alikuwepo tangu mwanzo. Hatua chache tu kutoka walipokaa, amesikia kila neno na kila kilio.

Akamuaga mama, akatoka getini. Alishasema amemaliza, na alikuwa amemaliza. Hata hivyo alitembea pole pole kuliko mwendo wake, akasimama kurekebisha kiatu ambacho hakikuwa na tatizo, akajiambia kama mlango ule utafunguka sasa hivi, kama Miwani atatoka tu aseme neno moja mbele ya mama yake, lolote lile, atageuka.

Alifika kwenye kona. Akasikiliza. Nyuma yake mama alikuwa anakusanya vikombe, peke yake.